Nusu saa ya betri: umeme unapokatika angani

Usiku wa Oktoba 11, 1983, ndege ya pangaboi ya shirika dogo la Air Illinois iliruka kutoka Springfield, makao makuu ya jimbo la Illinois nchini Marekani, kuelekea Carbondale, mji ulio kusini mwa jimbo hilo. Ilikuwa ya aina ya Hawker Siddeley 748 yenye injini mbili, na ndani yake walikuwamo watu 10: abiria saba na wafanyakazi watatu. Safari yenyewe haikuzidi dakika 45. Ndege ilikuwa ndiyo kwanza imeiacha ardhi pale marubani walipomweleza mwongoza ndege kwamba wana tatizo dogo la umeme.

Jenereta ya kushoto ilikuwa imekufa. Ndege ilikuwa na nyingine upande wa kulia, nzima kabisa. Lakini rubani msaidizi, katika pilikapilika za kutafuta chanzo cha hitilafu, alidhani mbovu ni hiyo ya kulia, akaitenga. Ndege ikabaki haina jenereta hata moja inayofanya kazi. Walijaribu kuirudisha, ikagoma, na kuanzia hapo kila taa, redio na kifaa cha umeme kilitegemea betri.

Mwongoza ndege aliwauliza kama wangependa kurudi. Springfield ilikuwa nyuma yao, mwendo wa dakika chache tu. Kapteni aliamua kuendelea na safari.

Kilichofuata kinajulikana kwa sababu kinasa sauti cha chumba cha marubani kilihifadhi mazungumzo yao. Walizima taa moja baada ya nyingine ili kubana matumizi. Rubani msaidizi alikuwa akisoma volti za betri, na kila alipozisoma zilikuwa zimeshuka. Nje kulikuwa na giza na mawingu mazito, hivyo hawakuwa na ardhi ya kuitazama. Walitegemea vifaa vilivyo mbele yao kujua kama ndege imelala upande, inapanda au inashuka. Baada ya kama nusu saa vifaa hivyo navyo vilianza kukosa umeme. Ndege ilianguka karibu na mji wa Pinckneyville, na watu wote 10 walikufa.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilitaja chanzo kuwa uamuzi wa kapteni wa kwenda uwanja wa mbali badala ya kurudi uwanja wa karibu. Haikuishia hapo. Ilisema pia kwamba uongozi wa shirika haukuwapa marubani mafunzo ya marudio ya kutosha, na kwamba mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, haikuhakikisha kuwa mafunzo hayo yapo. Hitimisho hilo lina uzito mkubwa. Rubani yule hakuwa peke yake katika kosa. Nyuma yake palikuwa na ofisi zilizopaswa kumwandaa kwa usiku kama ule, na hazikumwandaa.

Abiria wengi hudhani umeme ukikatika angani, injini nazo huzimika. Kwa ndege nyingi ndogo za abiria si hivyo. Injini ya tabo ikishawaka hujiendesha yenyewe: hewa hukandamizwa, mafuta huingia, moto huendelea kuwaka bila msaada wa betri. Cessna Caravan, ndege yenye injini moja inayoonekana kila siku katika uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, Zanzibar na katika viwanja vya mbuga za Serengeti, ina injini ya namna hiyo. Jenereta yake ikifa, pangaboi litaendelea kuzunguka.

Hatari iko kwingine. Rubani aliye ndani ya wingu hawezi kuuamini mwili wake. Sikio la ndani, linalotuambia tumesimama wima au tumeinama, hudanganyika haraka ndege inapogeuka polepole, na mtu huweza kuapa kwamba anaruka sawasawa ilhali ndege inazunguka kuelekea chini. Kinachomwokoa ni kifaa kinachoonyesha upeo, yaani mstari kati ya mbingu na ardhi, pamoja na dira, kipimo cha mwinuko na redio. Ndege nyingi za leo zimeviunganisha vyote hivyo katika skrini. Umeme ukiondoka, skrini hubaki nyeusi.

Umeme huo hutoka wapi? Injini huzungusha jenereta, na katika ndege nyingi za tabo mashine hiyohiyo ndiyo huiwasha injini kabla ya kugeuka kuwa jenereta. Huzalisha umeme wa volti 28, unaolisha vifaa na kuichaji betri ya volti 24. Betri hapo ni kama simtangi la nyumbani: bomba la mtaa likikauka, unatumia kilichomo, na kadiri unavyofungua koki nyingi ndivyo linavyokwisha mapema. Betri inayoweza kutoa ampea 40 kwa saa moja, ukiidai ampea 80, haitafika hata hiyo nusu saa, kwa kuwa betri ikikamuliwa kwa nguvu hutoa pungufu ya ilichoandikiwa.

Kanuni za kutengeneza ndege ndogo nchini Marekani, zilizofuatwa au kuigwa na nchi nyingi, ziliweka kiwango kinachoeleweka na kila fundi. Jenereta zote zikifa, betri lazima iweze kulisha kwa dakika 30 vifaa vile ambavyo bila hivyo ndege haiwezi kuendelea kuruka na kutua salama. Dakika hizo 30 hazianzi rubani anapokuwa tayari. Zinahesabu pia muda anaoupoteza kabla hajagundua kwamba jenereta zimekufa, na muda wa kuzima visivyo vya lazima. Ndiyo maana kanuni hizohizo zilidai kila jenereta iwe na kitu cha kumtahadharisha rubani papo hapo inapokufa. Baadaye, kwa ndege zinazoruka juu ya futi 25,000, muda uliongezwa hadi dakika 60, kwa sababu kushuka kutoka huko hadi kwenye uwanja unaofaa huchukua muda mrefu zaidi.

Mwaka 2017 kanuni hizo ziliandikwa upya. Badala ya kutaja dakika, sasa zinataka akiba ya umeme itoshe kwa muda unaohitajika kumaliza safari kwa usalama, na vipimo vyenyewe vimehamishiwa katika viwango vya kiufundi vinavyokubaliwa na mamlaka. Wahandisi wanaupenda mtindo huu kwa kuwa unaacha nafasi ya teknolojia mpya. Hata hivyo namba ina faida yake: mkaguzi anaweza kusimama kando ya ndege, akashika saa mkononi, na kuipima. Mamlaka zinazofuata mtindo mpya zina wajibu wa kuhakikisha namba hiyo haipotei njiani.

Lakini akiba ya umeme peke yake haitoshi. Mei 24, 1995, ndege ya Embraer Bandeirante ya shirika la Knight Air iliruka kutoka Leeds Bradford, Uingereza, kwenda Aberdeen, Scotland, ikiwa na abiria tisa na wafanyakazi watatu. Dakika chache baadaye, ikiwa mawinguni, kifaa kimoja cha kuonyesha upeo kiliharibika, pengine vyote viwili. Rubani mmoja alikuwa anasoma hiki na mwenzake kile, na hapakuwa na cha tatu cha kuwaamulia kipi kinasema kweli. Ndege iliingia katika mzunguko wa kushuka na kuanguka, wakafa wote 12. Wachunguzi wa Uingereza walibaini kwamba kanuni za wakati huo hazikuidai ndege ya ukubwa ule iwe na kifaa cha akiba. Ndege kubwa zilikuwa nacho.

Hapo ndipo linapokuja swali la haki. Kwa nini abiria wa ndege ya viti 19 awe na kinga ndogo kuliko wa ndege ya viti 150? Jibu la miaka mingi lilikuwa gharama: shirika dogo halimudu vifaa vya shirika kubwa. Desemba 1995 Marekani ilitoa kanuni mpya iliyoyahamisha mashirika yenye ndege za viti 10 hadi 30 kutoka kwenye masharti mepesi na kuyaweka chini ya masharti ya mashirika makubwa. Miongoni mwa masharti hayo ni kifaa cha tatu cha kuonyesha upeo, chenye chanzo chake cha umeme kisichotegemea jenereta, kinachoendelea kufanya kazi kwa dakika 30 baada ya jenereta zote kufa, tena bila rubani kugusa swichi yoyote. Sharti hilo la mwisho lina hekima nyingi. Mtu aliyetaharuki gizani huweza kubonyeza kibaya, kama ilivyotokea juu ya Illinois.

Teknolojia mpya nayo imeleta udhaifu ambao kanuni za zamani hazikuutarajia. Machi 2007, katika uwanja wa Speyer nchini Ujerumani, ndege ndogo ya injini mbili aina ya Diamond DA42 ilikuwa imeishiwa betri. Injini ziliwashwa kwa umeme wa nje, zikanguruma vizuri, na ndege ikaruka. Rubani alipokunja magurudumu, mota ya kuyakunja ilivuta umeme mwingi kwa mpigo. Betri iliyokuwa tupu haikuweza kuziba pengo, na volti zikaporomoka kwa muda mfupi sana. Ndege hii ilikuwa na injini za dizeli zinazoongozwa na kompyuta, na kompyuta za injini zote mbili zilijizima na kujiwasha upya kwa pamoja. Injini zote zikasimama. Ndege ilitua kwa kuanguka mbele kidogo ya uwanja.

Wabunifu waliamini kwamba injini mbili ni usalama mara mbili, kumbe zote zilikuwa zinanyonya kwenye chanzo kimoja. Mamlaka za Ulaya na Marekani zilitoa maagizo ya lazima, na ndege hizo zikawekewa betri za ziada kwa ajili ya kompyuta za injini tu. Funzo lake linahusu kila ndege: kuhesabu vifaa hakutoshi, lazima kufuatilia waya wa kila kimoja hadi unapoanzia.

Kwa Afrika Mashariki, suala hili linajitokeza zaidi katika ndege za injini moja. Injini moja maana yake ni jenereta kuu moja. Caravan ina betri na jenereta ndogo ya akiba inayochukua nafasi pale kubwa inaposhindwa, ingawa haina nguvu ya kulisha kila kitu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliruhusu mwaka 2005 ndege za tabo za injini moja kubeba abiria usiku na mawinguni, ila kwa masharti makali. Nchi inayotoa ruhusa hiyo lazima idai mifumo miwili tofauti ya kuzalisha umeme, kila mmoja ukiweza kubeba mzigo wote wa kawaida. Juu ya hiyo, idai umeme wa dharura utakaotosha ndege ikiteleza bila injini kutoka kwenye mwinuko wake wa juu kabisa hadi inapotua, ukiwasha vifaa muhimu, redio na taa ya kutulia. Marekani, iliyotangulia mwaka 1998, hutoa njia mbili: vyanzo viwili kamili, au chanzo cha akiba chenye uwezo wa asilimia 150 ya mahitaji ya dharura kwa saa nzima.

Masharti haya hutekelezwa na mamlaka za nchi, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya, huku wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao yake Entebbe, ukisaidia kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Kuoanisha huko si urasimu mtupu. Ndege iliyosajiliwa nchi moja hubeba watalii wa nchi ya pili na kulala nchi ya tatu, na betri yake ni ileile.

Kazi kubwa hata hivyo hufanyika katika karakana. Ndani ya jenereta mna vipande vya kaboni ambavyo husuguliwa muda wote na kuisha; visipobadilishwa kwa wakati, jenereta hufa. Betri huchakaa kimyakimya: inaweza kuwasha injini asubuhi bila tatizo na bado isiwe na uwezo wa kulisha vifaa kwa nusu saa. Njia ya kujua ni kuitoa kwenye ndege, kuichaji, kuimaliza kwa kipimo na kuhesabu dakika. Fundi anayesaini kitabu bila kufanya jaribio hilo anaifuta kanuni ya dakika 30 kwa kalamu yake. Mkaguzi wa mamlaka anapaswa kuiomba karatasi ya jaribio, siyo kuridhika na saini.

Kwa marubani, mazoezi ya umeme kukatika yanastahili uzito uleule wa mazoezi ya injini kufa: taa ya tahadhari inawaka, wawili wanathibitisha kwa pamoja ni jenereta ipi kabla ya mkono kugusa swichi, mizigo inapunguzwa, na ndege inaelekezwa uwanja wa karibu wenye hali ya hewa inayofaa. Nusu saa ya betri iliwekwa kwa ajili ya kutua. Shirika lenye ratiba ngumu halina budi kumwambia rubani wake waziwazi kwamba hatalaumiwa kwa kurudi.

Abiria naye ana sehemu yake. Siku rubani akitangaza kwamba ndege inarudi ilikotoka kwa sababu ya hitilafu ya umeme, asilalamike kuhusu mkutano atakaoukosa au ndege ya kuunganisha itakayomwacha, na asimpigie kelele mhudumu. Ashuke, asubiri ndege nyingine, na amshukuru rubani huyo.