Husuni Kubwa: Nyumba ya sultani iliyokuwa na biashara uani

Mtoto wa Dar es Salaam ukimwambia mnakwenda madukani, huenda akafikiria Mlimani City: nguo humo, chakula humo, na watu wa kutazama humo humo. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 2006. Mwenzake wa Kilwa Masoko hana jengo la namna hiyo, ingawa mji wake umebeba jina la masoko. Lakini akivuka mkondo kwa boti hadi Kilwa Kisiwani, atakuta magofu ya kitu kinachokaribia hapo, nacho kina umri wa karibu miaka 700.

Ni Husuni Kubwa. Husuni maana yake ngome, ila jina hilo linapotosha kidogo. Hapa palikuwa nyumbani kwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na hapo hapo palikuwa mahali pa biashara yake. Aliijenga mwanzoni mwa karne ya 14, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukingoni mwa mwamba juu ya bahari. Vyumba vinazidi 100. Upande wa kaskazini ulikuwa wa makazi, na huko ndiko liliko bwawa la kuogea lenye pembe nane, ambalo ni vigumu kumtoa mtoto. Upande wa kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba. Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza aliyechimba Kilwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, aliuona ua huo kuwa wa biashara na vyumba vyake kuwa vya kuhifadhia mali.

Na mali ilikuwapo. Dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa, pembe za ndovu pia, na vyombo vya kauri vilifika kutoka China. Sarafu za shaba zenye jina la sultani huyo zimeokotwa kwa wingi Kilwa, na moja ilipatikana mbali kabisa bara, Great Zimbabwe.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, na alichokisimulia zaidi si majengo, bali tabia ya mwenye mji. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa ukarimu wake. Siku moja ya Ijumaa, akitoka msikitini, fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadili, akampa. Mwanawe hakutaka mavazi ya baba yapotee hivyo. Akayachukua na kumfidia yule mtu watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyoisifu zawadi ile, akaagiza aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe.

Hapa mzazi anayesimulia asipite haraka. Watumwa ishirini walikuwa watu ishirini, wenye mama zao mahali fulani, nao walihesabiwa pamoja na pembe katika sifa za mtu mkarimu. Mtoto akiuliza walikwenda wapi, hilo Ibn Battuta hakuliandika.

Al-Hasan alipofariki alirithiwa na nduguye Daudi, na familia ikageuka. Mwombaji akija, Daudi humjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa miezi wakingoja, wakaambulia kidogo, mpaka wakaacha kuja.

Nyumba yenyewe haikukamilika. Ilikaliwa muda mfupi tu, kisha ikaachwa. Biashara ya pwani hii ilihama zaidi ya mara moja baadaye. Karne ya 19 ilikuwa Kilwa Kivinje, kwenye misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Kivinje nako maduka ya zamani yamebaki na milango mizuri na wateja wachache.

Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuwa mawimbi na mvua vilikuwa vikiyala, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati.

Kibali hukatwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti. Nendeni asubuhi, mbebe maji na kofia za watoto: ule ua wa kusini, siku hizi, hauna paa wala duka.