Vijia Kati ya Matuta

Mtu akitembelea bustani ya mboga, macho yake huenda kwenye matuta. Hutazama nakati imekuaje, dodo imetoa majani mapana kiasi gani, nyanya zimeanza kuiva au bado. Njia anayoikanyaga haitazami, ila ikimchafulia viatu. Lakini ukichukua kamba na kupima, utaona kwamba njia si kitu kidogo. Katika bustani yetu ya shule matuta yana upana wa sentimita 120, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, na vijia vina sentimita 50. Basi katika kila sentimita 170 za ardhi, 50 ni za miguu. Karibu sehemu tatu katika kumi za bustani nzima hazipandwi mboga hata moja. Sehemu kubwa namna hiyo yastahili kufikiriwa, na hasa hapa Kampala, kwa sababu ya vilima na mvua.

Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya bahari, nao umejengwa juu ya vilima. Mvua kubwa hutujia mara mbili kwa mwaka, toka Machi hata Mei, tena toka Septemba hata Novemba. Nayo hainyeshi polepole siku nzima. Mara nyingi humwagika yote katika saa moja, kisha jua likatoka kama kwamba halikutokea jambo. Katika hesabu twafundishwa kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua kijia cha upana wa sentimita 50 na urefu wa mita 24. Hizo ni mita 12 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 30, kijia hicho peke yake hupokea lita 360, yaani jerikani 18 za lita 20, kabla hujahesabu maji yanayoshuka kutoka kwenye matuta ya pande zote mbili. Je, jerikani hizo 18 zitakwenda wapi? Kwa maoni yangu, mtu anayechagua cha kutandika njiani bila kuuliza swali hilo amechagua rangi tu.

Kwa miaka mingi hapa shuleni vijia vililimwa vikaachwa vitupu. Kila Ijumaa waliochelewa au waliozungumza wakati wa kimya walipewa majembe, wakaparua kila jani lililoota njiani, mpaka njia ikawa nyekundu na safi. Desturi hiyo haikutoka hewani. Nyumbani kwa Waganda uwanja wa mbele, uitwao oluggya, hufagiliwa kila asubuhi, na uwanja wenye majani marefu ni aibu ya mwenye nyumba. Tena nyoka hana pa kujificha. Lakini oluggya huwa mahali palipo sawa, na umekanyagwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Kijia cha bustani kiko mtelemkoni, na jembe hukilegeza upya kila wiki. Msimu mmoja wa Aprili mvua iliona vijia vyetu vilivyoshuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini, ikavifanya mifereji. Mmoja ulichimbika hata ukafika magotini mwa kijana wa kidato cha kwanza. Mbegu za karoti zilikwenda na maji, matuta mawili ya chini yakazikwa, na udongo ule mweusi tuliokuwa tukiulisha samadi kwa miaka mitatu tuliukuta umelala penye ua, upande wa jirani. Kwa wiki nyingi baada ya hapo tulikula posho na maharage pasipo mboga, kwa maana jiko letu hutegemea bustani hiyo.

Jambo la kwanza basi si nyasi wala kokoto, ni mwelekeo. Kijia kipite kwa usawa kuzunguka kilima, kisishuke nacho. Ili kupata usawa huo twatumia mpira wa maji ulio mwangavu, wa mita kumi. Ujaze maji, mwanafunzi mmoja ashike mwisho huu na mwingine mwisho ule. Maji katika ncha zote mbili hukaa daima kwa kimo kimoja, hata kama macho yako yanakudanganya. Hapo mnapigilia vigingi na kuendelea. Njia ya kushukia haiepukiki, lakini iwe moja tu, ipinde hapa na pale, na iwe na vidaraja vya mawe au magogo ili maji yapumzike njiani.

Sasa nije kwenye nyasi. Bruda anayesimamia bustani yetu alizitaka toka mwanzo, na sisi wa darasa la juu tulizikataa kwa sababu moja tu: tulijua ni nani atakayeshika fyekeo. Ubishi ule ulikuwa mrefu, nami nasema hata leo kwamba sababu yetu haikuwa ya kijinga. Nyasi ni kazi isiyokwisha. Wakati wa mvua hutaka kukatwa kila wiki mbili, na asubuhi zina umande unaolowesha soksi kabla ya misa. Lakini hakuna kitu kingine kinachoyapokea maji kama hizo. Majani hupunguza nguvu ya matone, mashina huzuia mwendo wa maji, na mizizi hufungua ardhi ili maji yaingie chini.

Walakini si kila majani yanafaa, na hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Adui wa kwanza ni lumbugu. Kila mtoto wa Buganda aliyewahi kulima amelaani jina hilo. Mizizi yake hutambaa chini ya ardhi kama nyuzi nyeupe, na ukiikata kwa jembe vipande kumi, umepanda lumbugu kumi, maana kila kipande chenye kifundo huchipua. Usiiache njiani hata kidogo ukidhani imefanana na nyasi nyingine. Ukoka ni mzuri kwa kiwanja cha mpira, nao haufi kwa jua wala kwa miguu, lakini hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia, na katika majuma machache umekwisha ingia tutani. Penye kivuli, kama chini ya mwembe wetu, nyasi za majani mapana ziitwazo kapeti hukaa vizuri kuliko nyingine.

Tuliyochagua ni pasipalamu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini siku hizi ni mwenyeji wa Kampala kuliko wengi wetu. Huuzwa kando ya barabara, imefungwa katika magunia pamoja na udongo wake. Utaitambua kwa vichwa vyake vya mbegu vilivyogawanyika mara mbili kama herufi V. Mizizi yake huenda chini sana, kwa hiyo Januari haikauki upesi, na mashina yake hutambaa polepole, kwa mwendo ambao mtu mwenye sepeto aweza kuushinda. Hukatwa vipande vidogo, hupandwa kwa nafasi ya kiganja kimoja mvua zinapoanza, na ya kwetu ilikuwa imekutana kabla msimu haujakwisha. Pembeni tulizika matofali kwa kuyasimamisha wima, nusu ndani ya ardhi, na mara moja kwa mwezi twakata ukingo kwa sepeto. Asiye na matofali akate mfereji mwembamba. Hutosha, ila usisahauliwe.

Kuzuia udongo kwa nyasi si jambo geni Uganda. Kule Kigezi, kusini-magharibi, ambako milima ni mikali kuliko vilima vyetu, katika miaka ya 1940 mashamba yaligawanywa vipande vinavyozunguka mlima, na kati ya kipande na kipande zikaachwa kanda zisizolimwa, nyingine zimepandwa mabingobingo, yaani yale ambayo Waganda huyaita ebisagazi. Kazi hiyo ilifanywa wakati bwana shamba Mwingereza, J. W. Purseglove, alipokuwa huko, na waliobeba majembe walikuwa ni wananchi wenyewe. Udongo uliokuwa ukishuka ulinaswa na kanda zile mwaka baada ya mwaka, hata milima ikawa kama ngazi, na aendaye Kabale huziona ngazi hizo hata leo. Baadaye, watu walipozidi na ardhi ikawa haba, wengine walianza kuzila kingo zile kwa jembe, kwa kuwa udongo mzuri ulikuwa umekusanyika papo hapo. Kwa bustani ndogo jambo hilo lina maana hii: kijia cha nyasi hunasa udongo, kwa hiyo huinuka. Baada ya miaka michache huwa juu kuliko tuta, na maji humiminika tutani badala ya kutulia. Hapo yafaa kubandua nyasi, kuondoa udongo ule na kuurudisha mahali pake kwenye mboga, kisha kupanda nyasi tena.

Nyasi zina kasoro moja ambayo Bruda hakuweza kuijibu. Fyekeo haliwezi kuzunguka katika kijia cha sentimita 50 bila kukata nakati za watu. Nyasi zataka njia pana, sentimita 90 au zaidi, pale toroli linapopita. Kwa vijia vyembamba tulitafuta kitu kingine, na bahati nzuri Kampala inacho kwa wingi: maganda ya kahawa. Viwanda vya kukoboa kahawa huyatoa kwa malori, na wafugaji wa kuku huyatandika katika mabanda yao. Mwaga maganda kimo cha sentimita kumi, ukanyage. Maji hupita katikati yake bila kuchukua udongo, magugu hayapati mwanga, na mguu haushiki tope. Yakiisha kuoza baada ya msimu mmoja au miwili, yakusanye kwa reki uyatie tutani. Yana potasiamu nyingi, na ndizi huyapenda sana. Hivyo kijia kinapika chakula cha tuta huku kinakanyagwa. Ni lazima nitaje mambo mawili. Kuku wa jikoni wakigundua mahali hapo hawatakuachia kijia wala mboga. Tena, mwenye mibuni nyumbani asilete maganda asiyoyajua yalikotoka: ugonjwa wa kunyauka kwa kahawa, ulioonekana Uganda mwaka 1993, uliua mibuni mingi mno, na maganda ya miti iliyougua yaweza kuuchukua toka shamba hadi shamba.

Vumbi la mbao na maranda hupatikana Ndeeba kwa mafundi. Hufaa njiani, lakini usiyachanganye na udongo wa tuta yakiwa mabichi, maana wakati wa kuoza huinyang'anya mimea naitrojeni, na mboga hugeuka manjano. Mbao zilizotiwa dawa, vumbi lake liachwe huko huko. Majani makavu ya migomba ni bure, nayo hudumu msimu mmoja tu, tena huwaita mchwa.

Moramu, yaani ule udongo mwekundu wa changarawe unaochimbwa vilimani, hushindiliwa ukawa mgumu. Unafaa kwa njia ya gari. Katika bustani hurusha vumbi juu ya mboga Februari, na Aprili hupeleka maji yote chini kama bati la nyumba. Kokoto hupitisha maji, lakini katika udongo wetu wa mfinyanzi huzama zisipotandikiwa mchanga kwanza, na baadaye utazikuta tutani zikivunja makali ya jembe. Nami kila nizionapo hukumbuka zinakotoka. Kule Kireka, katika mtaa uitwao Acholi Quarters, akina mama waliokimbia vita vya kaskazini wameponda mawe kwa nyundo miaka mingi, debe kwa debe, kwa ujira mdogo. Sisemi zisinunuliwe, kwa maana ndiyo riziki yao. Nasema zisimwagwe ovyo ili zipotee matopeni.

Vipande vya saruji ndivyo vinavyopendwa zaidi mjini sasa. Ni safi, havitaki fyekeo, na mwenye nyumba huonekana ameendelea. Penye lango la kanisa au mbele ya zahanati ni haki viwepo, kwa ajili ya wazee na viti vya magurudumu. Lakini vikijaza kiwanja kizima, zile jerikani 18 hazikupotea; zimempata mwingine. Kampala ina mabonde kila chini ya kilima, na zamani mabonde hayo yalikuwa vinamasi vya mafunjo vilivyokunywa maji ya mvua. Vingi vimejengwa. Bwaise hufurika mara kwa mara, na maji yanayoingia katika nyumba za watu pale hayakunyesha yote Bwaise. Mengine yameshuka kutoka vilimani, kwenye paa zetu na viwanja vyetu vigumu. Wenzetu wa kutwa wanaokaa mabondeni hufika shuleni baada ya mvua na madaftari yaliyokunjamana, wala hatuhitaji kuwauliza kwa nini.

Katika bustani yetu sasa njia kuu ya toroli ni pasipalamu, vijia vyembamba ni maganda ya kahawa, na njia moja ya kushukia ina vidaraja vya mawe. Mvua za Septemba zilizopita hazikuchimba mfereji, na maji yaliyofika penye ua yalikuwa karibu meupe. Adhabu ya Ijumaa ipo pale pale, ila jembe limekuwa fyekeo. Vijia vitatu vya chini bado ni udongo mtupu. Tutavimaliza Machi mvua zikianza. Vipande vya pasipalamu ni vingi kando ya ukuta wa jiko, na mwenzetu yeyote atakaye kupanda nyumbani kwao aje Jumamosi baada ya usafi, na gunia lake mwenyewe, maana yetu yamekwisha.