Fahamu: Ruta ya wifi nyumbani

Ruta ni kifaa kinachopokea intaneti kutoka nje na kuigawa ndani ya nyumba kwa mawimbi ya redio. Mjini Lubumbashi nyingi hutiwa laini ya Vodacom, Airtel au Orange. Kilwa, kando ya Ziwa Mweru, kuna pia njia ya setilaiti: Starlink ilipewa leseni nchini Kongo Mei 2025, baada ya kupigwa marufuku mwaka 2024.

Mahali pa kuiweka

Iwekwe juu, katikati ya nyumba, mbali na friji na mabati. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta za matofali vizuri zaidi. Ya gigahezi 5 yana kasi lakini hayafiki mbali.

Maneno mawili ya siri

La kwanza ni la wifi. La pili hulinda mipangilio, inayofunguliwa kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Kibandiko chini ya ruta huonyesha ipi. Hili la pili husahaulika, likabaki “admin”, na hapo yeyote aliyeunganishwa anaweza kumfungia mwenye nyumba nje. Yote mawili yabadilishwe siku ya kwanza, na ulinzi wa wifi uwe wa aina ya WPA2 au WPA3.

Umeme ukikatika

Ruta nyingi hutumia volti 12, kwa hiyo betri ndogo ya sola inatosha shirika la umeme, SNEL, likikata umeme, mradi volti zilingane.