Juma wa Kasekese akifika Hispania ataitwa 'Khuma'

MEI 23, 2019 Simba iliikaribisha Sevilla Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ikalala 5-4 kwenye mechi tamu kinoma. Matokeo yalibishaniwa sana. Jina la wageni halikubishaniwa: ni 'Sevila' tu, toka Temeke hadi vibanda umiza vya Kasekese kule Katavi. Wenyewe wanasema 'Sebiya'.

Kinachoponza ni kupita kwa Mwingereza. Jina la Kihispania linasikika kwanza kwa mtangazaji wa Kiingereza, ndipo linashuka mtaani likiwa limeshapinda. Shabiki angelisoma kwa Kiswahili chake asingekosea sana.

Irabu zao ni a, e, i, o, u zilezile. Neno likiishia na irabu, mkazo unakaa silabi ya pili toka mwisho, kama kwetu. Mhispania akionyeshwa Kasekese atalisoma sawasawa, japo kwa mazoea ya lugha yake angeliandika Casequese. Kwenye Katavi ndipo atachemka, maana v kwake ni b: 'Katabi'.

Sauti zinazowatoa jasho Waingereza, Mswahili anazo tangu utotoni. J ni kh ya 'kheri', hivyo Javier ni 'Khabier'. G ikifuatwa na e au i nayo ni kh: Getafe ni 'Khetafe'. Z ni th ya 'thelathini', ndiyo maana Cazorla ni 'Kathorla'. Ile n yenye kofia, ñ, ni ny ya 'nyavu': La Coruña, 'La Korunya'. Herufi zote ni 27. Ch na ll nazo zilihesabiwa kuwa herufi kamili hadi zilipoondolewa rasmi mwaka 2010.

Ubishi wa Barcelona, kila upande una haki. Kwa Kihispania cha Madrid ni 'Barthelona', lakini Wakatalunya wenye mji wao wanasema 'Barselona'. Amerika ya Kusini nako th hakuna, ni s tupu. James Rodríguez wa Colombia, mfungaji bora wa Kombe la Dunia 2014 kwa mabao sita, ni 'Hames', wala si 'Jemzi'. Na Miguel Gamondi, Muargentina aliyeipa Yanga ubingwa wa 2023/24, ni 'Migel'. Ile u imewekwa kulinda g isigeuke kh, haitamkwi. 'Migweli' ni wa Jangwani.

Kwa mchezaji anayetoka, hili si utani. Farid Mussa alikwenda Tenerife mwaka 2016, jina lake likawa jepesi kwao. Shaaban Idd Chilunda alimfuata huko 2018. Chilunda inasomeka bila shida, ila sh ya Shaaban haimo kwenye Kihispania cha kawaida, na wengi huigeuza ch.

Sasa mchukue dogo wa Kasekese anayeitwa Juma, yuko benchi kwenye majaribio ya siku mbili. Kocha anasoma karatasi, anaita 'Khuma!' mara mbili. Dogo kimya, anasubiri jina lake, na aliye pembeni yake anavua traksuti anaingia. Hamisi naye asikilizie 'Amisi', maana h kule haitamkwi kabisa.