Ukurasa wa kulia

Ni kaunta buku la kawaida, jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu, la aina inayouzwa kila duka la vifaa vya shule. Mwenyewe amelipiga mistari kwa rula na biro nyekundu. Ukurasa wa kushoto una safu mbili: tarehe, na ombi. Ukurasa wa kulia hauna safu hata moja. Juu yake, kila unapofungua, yameandikwa kwa herufi kubwa maneno mawili: NANI ALIKWENDA.

Nilifika kwa mwenye daftari hilo nikiwa na shughuli nyingine kabisa. Nilikuwa nafuatilia habari za fidia kwa watu wanaohamishwa kupisha mradi wa Bonde la Msimbazi, jijini Dar es Salaam, nikataka kujua mafuriko ya mwaka gani yalifika nyumba ipi. Wazee niliowakuta wakabishana, kila mmoja na mwaka wake. Mmoja akakata ubishi: "Nenda kwa Mama Katibu. Yeye ameandika." Habari ya fidia nilishaimaliza zamani. Hili la daftari ndilo lililonikaa moyoni.

Mama Katibu ni fundi cherehani upande wa Kigogo, Dar es Salaam, na ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo. Ameniomba nisiandike jina lake wala la jumuiya, na majina ya waliomo daftarini nisiyaguse kabisa. Nimemkubalia. Hata yeye mara nyingi hakuandika majina. Aliandika "mama wa maandazi", "fundi viatu", "baba wa bati jekundu", na mtaa mzima unawajua.

Jumuiya zenyewe msomaji anazijua. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walizizungumza Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1976 wakazifanya msingi wa kazi yao ya kichungaji. Leo Mkatoliki wa Dar akitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzika, parokiani ataulizwa kwanza anasali jumuiya gani. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda, watu kumi, kumi na watano wanakaa uani kwa mtu: viti vya plastiki, mkeka, kimeza chenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Wanasoma Injili ya Jumapili ya kesho yake, wanatafakari, wanaomba, kisha matangazo na michango. Kazi ya katibu ni kuandika mahudhurio na hela.

Huyu akaona hayo hayatoshi. "Watu walikuwa wanaomba, mwanangu, na mimi nasikia. Huyu mtoto ana degedege, yule mume amefukuzwa kazi bandarini. Tunaitikia, tunafunga na ishara ya msalaba, tunaondoka. Jumamosi ijayo mtu yuleyule anaomba jambo lilelile, na sisi tumeshasahau. Nikaona aibu. Nikasema nitaandika, ili angalau mmoja wetu asisahau."

Mwanzoni, anasema, ukurasa wa kulia aliuacha kwa ajili ya majibu. Alitaka kuandika Mungu alivyojibu. Zikapita wiki, upande wa kushoto ukajaa, upande wa kulia ukabaki na mistari miwili mitatu. Mtoto amepona. Kijana amepata kibarua. Kwingine kote peupe. Anakiri kwamba ukurasa ule ulimtisha. "Nilikuwa nikiufungua naona kama namshtaki Mungu. Hiki hajafanya, hiki hajafanya. Nikaliweka daftari kabatini, nikafunga."

Kilichomrudisha ni Injili ya Mathayo, sura ya 25, iliposomwa jumuiyani. Hapo alisimamisha cherehani, akanigeukia, maana alitaka nilisikie vizuri. Katika sura ile, alisema, Bwana anayahesabu mema ya watu wake siku ya hukumu. Walio na njaa walilishwa, walio uchi wakavikwa. Lakini mgonjwa hatajwi kwamba alipona. Mfungwa hatajwi kwamba alifunguliwa. Kinachotajwa ni kwamba kuna mtu aliwaendea. "Nimeisikia sura hiyo tangu nikiwa msichana wa Komunyo ya kwanza. Siku ile ndiyo niliisikia. Nikarudi nyumbani nikafuta kichwa cha zamani, nikaandika hiki."

Mimi nami nilikuwa nimeisikia sura hiyo maisha yangu yote. Sikuwahi kuliona hilo la mgonjwa na mfungwa.

Basi nimekaa na daftari hilo, na yale ya baadaye, kwenye benchi lake la wateja, na nimesoma. Nitaje machache. Kushoto: "Baba wa bati jekundu. Sukari. Wamekata mguu." Kulia: "Vijana wawili, wamembeba mpaka barabarani kila kliniki. Mama wa maandazi, chai asubuhi. Fundi viatu amechonga gongo. Mwenyekiti hakwenda." Nilipofika hapo nikainua macho. Akacheka kwa aibu kidogo. "Nilimwandika, ndiyo. Alikasirika miezi. Sasa huyu mwenyekiti haachi kwenda."

Kushoto: "Dada wa chumba cha nyuma, mimba imetoka, ya tatu." Kulia: "Mama wa pembeni, amekaa naye kutwa. Hakusema kitu." Maneno hayo ya mwisho amepiga mstari chini. Nilimuuliza sababu. Akanikumbusha marafiki wa Ayubu, walioketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makubwa mno. "Siku zile saba walifanya vizuri sana. Waliharibu walipoanza kumweleza kwa nini." Anasema katika jumuiya wapo wanaopenda sana kueleza kwa nini, na yeye ameshajifunza kuwapangia kazi ya kuchota maji.

Ukurasa nilioutafuta tangu mwanzo, wa mafuriko, upo katika daftari lililokunjamana kama ngozi ya mgonjwa. Desemba 2011, siku chache tu baada ya taifa kusherehekea miaka 50 ya uhuru, mvua ilinyesha Dar es Salaam kwa namna ambayo wengi hawakuwahi kuiona. Watu wasiopungua 40 walikufa. Mto Msimbazi ulitapika bondeni, eneo la Jangwani likawa ziwa, watu wakalala juu ya mapaa. Waliopoteza makazi wengi walipelekwa baadaye Mabwepande. Daftari lilikuwa ndani ya nyumba ya Mama Katibu maji yalipoingia. Alilitoa likiwa limelowa chapachapa, akalianika ukurasa kwa ukurasa kwenye kamba ya nguo, kila ukurasa na kibanio chake. Wino wa bluu umesambaa, lakini ile biro nyekundu ya mistari imeshika. Maneno yaliyofutika aliyarudishia kwa penseli juu ya vivuli vyake, na pale aliposhindwa kukumbuka ameacha kivuli kama kilivyo.

Kushoto, siku hiyo, ameandika neno moja: "Wote." Kulia ukurasa umejaa mpaka pembeni. Mtu wa bodaboda. Dada wa duka la dawa. "Vijana wa msikitini, kamba na tairi, wametoa watoto wa nyumba tatu." Mzee aliyefungua chumba chake cha kupangisha wakalala watu asiowajua. "Mama yule tusiyesalimiana naye, amenipa khanga." Kuna wengine wawili watatu ambao biro imewaandika "simjui".

"Krismasi ile," anasema, "tulisali tumesimama. Pa kukaa hapakuwepo, viti vilikwenda na maji. Padre hakuweza kutufikia, njia ilikuwa tope. Tukasoma habari ya mtoto kuzaliwa zizini kwa sababu wageni wamekosa nafasi. Hakuna aliyehitaji mahubiri. Sisi wenyewe tulikuwa tumelala shuleni, darasa la tatu, juu ya madawati."

Nikamuuliza swali ambalo nadhani kila mtu angemuuliza. Mungu alikuwa wapi usiku ule? Hakukasirika. Alitandaza kiganja chake juu ya ukurasa wa kulia, akakiacha hapo. Nikamwambia, mama, hawa ni majirani wema tu. Wengine si hata Wakristo. Mtu asiyeamini anaweza kulisoma daftari hili akaona watu, asimuone Mungu popote. Akanijibu kwamba hilo analijua. "Mimi sijasema naandika miujiza. Naandika nani alikwenda. Lakini nikuambie, mwanangu. Mimi maji yalinifika kifuani, nimembeba mjukuu, nimeomba kwa sauti. Akaja kijana na kamba. Wewe ukitaka kuniambia sala yangu ilikwenda njia yake na kamba ilikuja njia yake, sawa, ni elimu yako. Mimi nilikuwa ndani ya maji. Naviona ni kitu kimoja."

Nimeligeuza jibu hilo mara nyingi. Ninaamini, na ningependa linitoshe. Kwa wale 40 je? Nao bila shaka waliomba. Nilimuuliza hilo pia, na hapo alinyamaza, akavuta uzi, akaukata kwa meno. Halafu, bila kujibu, akanifungulia ukurasa mwingine, ambao naamini hakupanga kunionyesha.

Kushoto: kijana, mpangaji, kifua kikuu, ombi limeletwa na mwenye nyumba. Kulia hakuna kitu. NANI ALIKWENDA, na chini yake weupe mtupu mpaka mwisho wa karatasi.

Hakuwa mtu wa jumuiya. Alibatizwa, lakini alikuwa akiishi na mwanamke bila ndoa, na Jumamosi hakuonekana. Mwanamke aliondoka ugonjwa ulipozidi. Watu wakaogopa kikohozi. Alipofariki, ndugu zake walikuja kutoka mkoani kuomba barua ya jumuiya ili padre amzike, na kikao kikagawanyika: wako waliosema hawezi kuandikiwa barua mtu ambaye hawamjui. Iliandikwa mwishowe, kwa shida, na ni Mama Katibu aliyeiandika.

"Tulibishana usiku kucha kama ni wetu," anasema. "Kumbe ombi lake lilikuwa humu wiki tano. Mimi ndiye niliyeliandika, kwa mkono huu. Nami sikwenda. Nilikuwa na sababu zangu. Sikuziandika."

Kwa nini basi asiujaze hata kwa maneno mawili, akaufunga ukurasa huo? Alitikisa kichwa. Kila Kwaresima, wakati wa Njia ya Msalaba, huufungua ukurasa ule peke yake, kabla hajatoka nyumbani. Nikauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini: na Mungu, mama, kwa kijana yule, alikuwa wapi? "Hilo sina," alisema. "Namwamini kwamba alikuwepo, maana yeye mwenyewe alikufa ameachwa na watu wake. Lakini sikumwona mtu yeyote akiingia mlango ule, na sitaandika nisichokiona."

Nimezungumza na watu wengine wa jumuiya hiyo. Baadhi wanaona daftari linawaumbua, na si wote ni wavivu. Ukihesabu waliokwenda, wengi mno ni wanawake, na walewale, ambao bado wana watoto wa kupikia na genge la kufungua alfajiri. Mmoja aliniambia kwamba anapoliona linatolewa kwenye mkoba anachoka kabla halijafunguliwa. Nilimpelekea Mama Katibu neno hilo, naye alilipokea kwa uzito. Tangu hapo ameanza kuuliza, kabla ya kuandika ombi, ni mwanamume gani hajakwenda popote mwezi huu.

Na sasa jumuiya yenyewe inatawanyika. Mafuriko yalirudi 2014, yakarudi 2018, na hatimaye serikali imeamua bonde liachwe wazi. Waliolipwa fidia wamebomoa nyumba zao kwa mikono yao, wakauza mabati na nondo, wakaondoka: wengine Chanika, wengine Kibaha, wengine kwa watoto wao. Nilimkuta mama mmoja akihesabu matofali yake mazima baada ya kubomoa, na kilichomliza hakikuwa nyumba. Alikuwa anauliza huko aendako atasali na nani, na akiugua nani atajua.

Wamefungua kundi la WhatsApp. Maombi yanaingia humo usiku na mchana, na Mama Katibu anayanakili daftarini kwa mkono, miwani puani, simu imeegemezwa kwenye cherehani. Kushoto hakuna shida. Shida iko kulia. Mtu akiugua Chanika, walio Kigogo wanamtumia hela kwa simu. Nauli ya kwenda na kurudi ni karibu na hiyo hela yenyewe, na siku nzima ya kazi inapotea. Vijana wa jumuiya wanasema aliyetuma naye amekwenda, tena amesaidia zaidi, na hawaelewi kwa nini hawaandikwi. Mama Katibu hajawaandika. Anadai mgonjwa akipokea ujumbe wa hela bado yuko peke yake chumbani. Vijana wanamjibu kwamba dawa iliyonunuliwa kwa hela hiyo imemfikia, na yeye huyohuyo ndiye aliyesema sala na kamba ni kitu kimoja.

Hoja hiyo imemgusa, nimemwona. Kwa sasa anawaandika kwa penseli, pembeni kabisa mwa karatasi, nje ya mstari mwekundu. Jambo limewekwa katika ajenda za kikao cha mwisho wa mwezi, baada ya mchango wa ujenzi wa kigango, na mwenyekiti ameagiza walio Chanika na Kibaha wapigiwe simu waulizwe wao kwanza.