Kusomea Historia ya Tiba: Kuna Faida Gani Kijijini?



Katika mikutano ya vikundi tumeulizwa swali hili zaidi ya mara moja: Mtoto wetu amemaliza digrii, sasa anataka kurudi chuoni kusomea historia ya tiba. Si udaktari, si unesi. Je, kikundi kifanye harambee kwa ajili ya mambo ya kale? Mambo ya kale yataleta unga nyumbani?

Swali ni la haki, maana pesa ya kikundi ni jasho la watu. Tulijibu polepole.

MASOMO HAYA NI NINI?

Daktari husomea mwili na dawa. Anayesomea historia ya tiba huuliza mambo mengine. Ugonjwa huu uliingiaje hapa? Watu waliuitaje, na walikimbilia kwa nani? Serikali ilifanya nini? Mbona dawa hii ilipokelewa na ile ikakataliwa? Wengine huunganisha tiba na dini, maadili, mila na vitabu vya hadithi, wapate kumwelewa mgonjwa kama mtu mzima, mwenye jamaa na imani yake.

Mara nyingi masomo haya hufanywa baada ya digrii ya kwanza. Huko Uingereza yako katika vyuo kama King's College London na Manchester. Hapa Kenya mwanafunzi anaweza kupitia mlango wa historia au anthropolojia, halafu achague ugonjwa fulani au hospitali fulani iwe utafiti wake.

MFANO WA BONDE LA LAMBWE

Tusiende mbali. Sote tunajua habari za mbung'o wa Lambwe. Miaka ya 1900 hadi 1920 ugonjwa wa malale ulipiga sana kando ya ziwa letu. Upande wa Uganda peke yake inakadiriwa walikufa watu zaidi ya 200,000. Mwaka 1903 daktari David Bruce na wenzake walionyesha kwamba anayeueneza ni mbung'o. Kuanzia 1906 Gavana Hesketh Bell akaamuru watu wa Uganda wahamishwe kutoka ukingo wa ziwa.

Miaka mingi baadaye, John Ford, mtaalamu wa wadudu, alirudi kuichunguza historia hiyo, na mwaka 1971 akatoa kitabu. Alisema kwamba zamani wenyeji wa Afrika walikuwa na njia zao za kumzuia mbung'o: kufyeka, kulima, kuchagua mahali pa kukaa na pa kulisha. Watu walipoondolewa, mashamba yakageuka vichaka na wanyama wa porini wakaongezeka. Mbung'o akapata nyumba. Mnaona? Jambo hilo halikuonekana kwa darubini. Lilionekana kwa kuuliza watu waliishije hapo mwanzo.

Kwetu Lambwe malale yalilipuka tena mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kazi ikaendelea miaka mingi, hata Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Ni ushindi mkubwa. Lakini nani ataandika jinsi ulivyopatikana? Waliofyeka vichaka, waliopoteza ng'ombe, waliohama boma wakaacha makaburi ya wazazi, wengi wao ni wazee sasa.

CHIRA NA UKIMWI

Ukimwi ulitambuliwa Kenya mwaka 1984. Wajaluo wengi walipoona mtu anakonda na kuisha, walisema ni chira, yaani adhabu ya kuvunja mila. Wakatafuta manyasi, dawa ya kienyeji ya chira. Aliyekuja na kusema tu "hizo ni ujinga" hakusikilizwa, na wakati ukapotea. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali katika hospitali ya Homa Bay. Hata hapo, ilibidi kuongea na watu kuanzia kwa maneno wanayoyaelewa wao.

Ni vivyo hivyo na hofu ya kutolewa damu. Wakati wa ukoloni, uvumi wa wazimamoto wanaonyonya watu damu ulienea Kenya, Uganda na kwingineko. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo na kuyatoa katika kitabu mwaka 2000. Basi mama anapoogopa sindano ya watafiti, tusimcheke. Hofu yake ina mizizi, na anayeijua mizizi ndiye anayeweza kumweleza vizuri.

SASA TUFANYE NINI?

Tuseme ukweli: kazi za elimu hii si nyingi. Wapo wanaofundisha vyuoni, wanaotunza nyaraka, na wanaofanya kazi na mashirika ya afya. Kwa hiyo kabla ya harambee, kikundi kiulize:

Kwanza, je, mtoto ana barua ya chuo, na karo yote ni kiasi gani?

Pili, je, ametafuta ufadhili? Shirika la Wellcome la London, kwa mfano, husaidia utafiti wa namna hii. Haifai kuuza ng'ombe kabla ya kubisha mlango huo.

Tatu, je, atatuletea nini? Tunashauri mapatano yaandikwe: atarekodi habari za wazee wa hapa, na nakala moja ibaki kijijini.

Hata kama hakuna mtoto wa kusomesha, kazi ipo. Msichome kadi za kliniki za zamani, vitabu vya mahesabu vya kikundi, wala picha. Chagueni kijana mmoja anayeandika vizuri, awatembelee wazee kwa ruhusa yao. Na mtafiti akija, mwulizeni: majibu utayaleta lini, na kwa lugha gani? Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Lakini mzee akiondoka bila kuulizwa, neno lake huzikwa naye.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni ugonjwa gani uliobadilisha maisha ya kijiji chetu? Nani anaukumbuka vizuri?

2. Ni watafiti gani wamewahi kuja hapa? Walirudi na majibu?

3. Tukisaidia mtoto mmoja kusoma, tutajuaje kwamba kijiji kimefaidika?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.