Mkataba wa Mwuzaji Mmoja: Funzo Kutoka Maziwa ya Watoto Wachanga



Kila msimu vyama vyetu vya msingi hukusanya mahitaji ya pembejeo na kutangaza zabuni kwa pamoja, ili bei impungukie mkulima. Njia hiyo ni njema, nasi tumeizoea. Lakini inayo hatari yake, na viongozi wengi hawaitambui mpaka iwe imekwisha kuwafika. Yafaa basi tutazame jinsi serikali ya Marekani inavyowasaidia wazazi wa kipato kidogo kupata maziwa ya kopo ya watoto wachanga, kwani huko faida na hatari ya ununuzi wa pamoja zimeonekana waziwazi.

Misaada ya chakula inayohusika ni miwili. Wa kwanza huitwa SNAP, ambao hadi mwaka 2008 ulijulikana kama stempu za chakula. Familia hupewa kiasi cha fedha katika kadi, nayo huweza kununua maziwa ya mtoto ya kampuni yoyote kwa bei ya dukani. Fedha hizo ndizo hizo za unga, nyama na mboga, zikiisha, zimeisha.

Wa pili huitwa WIC. Ulianza kwa majaribio kwa sheria ya mwaka 1972, ukafanywa wa kudumu mwaka 1975. Huwahudumia wajawazito, akina mama waliojifungua, na watoto mpaka watimize miaka mitano. Mpango huu huhimiza kunyonyesha, na mama anyonyeshaye hupewa chakula kingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Lakini mtoto asiyenyonyeshwa hupewa maziwa ya kopo kwa kipimo cha mwezi. Kwa mtoto wa miezi ya mwanzo, asiyenyonya kabisa, kipimo hicho mara nyingi ni makopo 9 ya unga. Mama hapewi fedha taslimu. Hupewa kadi inayotaja aina ya maziwa, ukubwa wa kopo na idadi, naye hununua katika duka lililoidhinishwa tu. Asichokichukua mwezi huu hakiendi mwezi ujao. Tena hachagui kampuni: huchukua maziwa ya kampuni iliyoshinda zabuni ya jimbo lake, isipokuwa awe na hati ya mganga kwamba mtoto anahitaji maziwa ya namna ya pekee.

Kwa nini asichague? Hapa ndipo palipo na hesabu ya ushirika. Katika miaka ya 1980 bei ya maziwa hayo ilipanda sana, na fedha za mpango zikawa hazitoshi watoto wote. Majimbo yakabuni njia ya kuwashindanisha watengenezaji: atakayeahidi kurejesha fedha nyingi zaidi kwa kila kopo ndiye ambaye maziwa yake pekee yatanunuliwa na mpango katika jimbo zima. Sheria ya mwaka 1989 ikayalazimisha majimbo kufuata njia hiyo, au nyingine yenye kuokoa fedha kwa kiasi kile kile.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Duka likiuza kopo kwa dola 20, jimbo hulilipa duka dola 20. Kisha jimbo huhesabu makopo yote yaliyouzwa na kumdai mtengenezaji. Akirejesha dola 15 kwa kila kopo, gharama halisi ni dola 5, na fedha za mtoto mmoja zinatosha wanne. Marejesho hayo kwa nchi nzima hupita dola bilioni 1 kwa mwaka. Mtengenezaji naye hakubali kwa hisani. Zaidi ya nusu ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga nchini humo hupitia mpango huu, na anayeshinda zabuni hujaza rafu za maduka, hata wanunuzi wasio katika mpango wakamfuata. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wengi wakiungana, hata kampuni kubwa huteremsha bei.

Sasa tuitazame hatari. Tarehe 17 Februari 2022 kampuni ya Abbott iliyaondoa sokoni maziwa yaliyotengenezwa katika kiwanda chake cha Sturgis, jimbo la Michigan, kwa hofu ya bakteria, na kiwanda kikafungwa kwa miezi kadhaa. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa na mikataba ya karibu nusu ya watoto wachanga wa WIC. Mama alifika dukani na kadi yenye haki yake yote, akakuta rafu tupu; na palipokuwa na kopo la kampuni nyingine, kadi haikulikubali. Ikabidi serikali ilegeze masharti jimbo kwa jimbo, na mwezi Mei ndege zikaleta maziwa kutoka Ulaya. Tarehe 21 Mei 2022 ikatiwa sahihi sheria inayotaka kila mkataba wa namna hiyo ueleze watoto watapataje maziwa ikiwa bidhaa itaondolewa sokoni.

Nimewahi kukagua chama kimoja cha wakulima wa korosho kilichoagiza salfa kwa mwuzaji mmoja. Bei ilikuwa nzuri kupita ya jirani zao wote. Salfa ilichelewa, mikorosho ikachanua, ubwiri unga ukaingia. Nilipoufungua mkataba sikuona neno lolote juu ya kuchelewa. Bodi haikujua kama inaruhusiwa kununua kwingine, wala nani angelipa tofauti ya bei. Mkutano mkuu ulitaka kumjua mwizi, na mwizi hakuwapo.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, Bodi ijiulize: Mwuzaji akishindwa, chama kitaruhusiwa kununua kwa nani, na baada ya siku ngapi? Tofauti ya bei italipwa na nani? Je, mwuzaji huyu ana ghala au kiwanda kimoja tu? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, na yasomwe mbele ya wanachama. Tuendelee kununua kwa pamoja. Lakini bei nafuu ya bidhaa isiyofika haimsaidii mkulima, kama isivyomsaidia mtoto mwenye njaa.